Panga Lililopimwa Murungu

Murungu, Kibondo
Kiangazi, siku ya gulio

Kwa Butoyi, mdogo wangu, Kagerankanda, Kasulu.

Mwakeye, Butoyi. Mwakeye na nyumba yako yote, na mbuzi wako, na yule jogoo mkorofi kama bado hajaliwa. Ni mimi Bukuru, niliyetoka tumboni kwanza nikakufungulia njia. Usiikunje barua hii ukawashia moto kabla hujafika mwisho, maana jambo lenyewe nimeliweka huko nyuma.

Kifua kinaendeleaje? Mdogo wetu Chiza aliniambia kwenye simu kwamba umekohoa masika yote. Na shemeji mama Edisoni, ule mguu umepoa? Mimi ni mzima sana. Meno yangu yote ya mbele yapo, naona mbali kuliko vijana wa hapa, na juzi nimepanda mti ambao fundi wa umeme aliukataa. Adela binti yangu ananilisha vizuri, na mkwe ananiheshimu, ila ana tabia ya kunisahihisha nikisimulia habari za zamani ambazo yeye hakuwepo.

Najua unajiuliza kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Kwanza, mara ya mwisho nilipokupigia ulisema haloo, ukasikia ni mimi, ukakata. Pili, simu ya Chiza huongea kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani, na haya si ya kisimani. Tatu, niliahidi kuandika kwa mkono wangu, na utaona huko mbele nilimwahidi nani. Nimeandika mwenyewe. Adela alitaka kunisaidia nikamwambia mimi nilisoma ngumbaru nikawa wa kwanza darasani. Wewe ulikuwa wa pili, nakubali, ila tulikuwa wanaume wawili tu.

Sasa nikupe habari. Nilipotoka nyumbani miaka mitatu iliyopita nilisema nakwenda kumwona Adela wiki mbili. Wewe unajua na mimi najua kwamba nilikuwa nimekasirika. Huku nikakuta miparachichi ni mingi, na mingi inakauka. Inaanzia juu. Tawi la kileleni linapoteza majani, halafu la chini yake, gome linapasuka na kutoa utomvu mweupe unaokauka kama unga. Ukikata tawi unakuta ndani kumekuwa kahawia, kama mtu amemwaga chai kwenye mti. Tunda nalo likiiva linaoza kuanzia kwenye kikonyo. Ni yaleyale ya kwako, Butoyi. Nilipoyaona nilifurahi, nikasema unaona, hata ambako hakuna Bukuru miti inakauka.

Lakini sasa Bukuru alikuwa amefika. Ndani ya mwezi mmoja tangu nifike watu walikuwa wameshajua mimi ni nani. Unakumbuka tulivyokuwa tukiitwa. Mti ukijaa majani bila kuzaa, wanatafutwa mapacha. Mimi nakuja na panga, nausimamia mti na kuukaripia, namwuliza mwenye mti kwa nini asiufanye kuni. Wewe unanishika mkono na kuuombea, unasema mwache, mimi ni mdhamini wake, mwaka kesho atazaa. Mimi naukata gome mara saba kuzunguka shina, ili usidhani ni utani. Kisha tunakunywa pombe ya ndizi na kwenda kwenye mti mwingine. Na kweli ilikuwa inazaa. Huku nilifanya kazi hiyo peke yangu, maana wewe mdhamini wangu ulikuwa umenisusia. Ombi nilikuwa nalisema mwenyewe kwa sauti nyembamba, na watu walicheka, lakini waliniita.

Basi mwaka jana akaja Daktari Mwanaidi. Ni mtu wa Tanga, mfupi, mwenye miwani, anaongea Kiswahili cha kwao kilichonyooka mpaka unajiona umevaa shati ndani nje. Ni daktari wa miti. Watu hawakuelewa. Wiki ya kwanza alipewa foleni ya magoti na migongo, na bibi mmoja akagoma kuondoka mpaka apimwe, akapimwa urefu kwa kamba ya kupimia miche, akaenda zake ameridhika. Daktari alipata shamba la majaribio hapa karibu na kwa Adela, na chumba chenye friji na jiko la gesi anachokiita maabara. Akauliza nani hapa anaijua miti ya kila boma. Wote wakamwambia ni Mzee Bukuru. Ndivyo nilivyopata kazi. Mimi ndiye msaidizi wake mkuu. Wa pili hayupo.

Nilimtembeza boma kwa boma. Kila mti mgonjwa aliukagua kimya, akapitisha kidole kwenye makovu ya shina, akaandika. Boma la tano akaniuliza haya makovu saba ni ya nini. Nikamweleza kwa fahari kabisa. Nikamwambia huyu nimemkaripia mimi, na yule, na ule wa kwa mwinjilisti pia. Aliandika kurasa mbili. Nilidhani anaandika sifa zangu.

Tuliporudi akaniomba panga. Butoyi, panga lile hulishika mtu mwingine nikiwa hai? Nikamwuliza la nini. Akasema anataka kulipima. Nikacheka sana, nikampa. Akachukua pamba yenye maji, akalifuta kwenye makali na pale penye utomvu mweusi karibu na mpini, akaigusisha pamba ndani ya kisahani cha plastiki chenye kitu kilichoganda, kinachotengenezwa kwa maji ya viazi mviringo. Kisahani cha pili akaweka kibanzi cha tawi linalokauka. Cha tatu hakuweka kitu. Akafunika vyote, akasema tusubiri.

Siku ya pili kukawa na kitu cheupe kama sufi. Siku ya nne kikawa kijivu. Baada ya wiki kilikuwa cheusi kama chungu cha maharage, na kile cha panga na kile cha tawi huwezi kuvitofautisha, kama watu wanavyoshindwa kututofautisha mimi na wewe mpaka waangalie kiunoni nani ana panga. Kile kisichowekwa kitu kilikuwa safi. Akaniambia hiyo ni kuvu. Inakaa ndani ya mti, inaingia penye jeraha, na mti usipopata maji ya kutosha ndipo inapanda na kuua. Na jeraha jipya lililokatwa kwa panga lililotoka kwenye mti mgonjwa, ni kama kuifungulia mlango na kuipa kiti.

Nikamwambia viazi vyake vimechacha.

Tukabishana mpaka jua likafika utosini. Nikamwambia mimi nimeikata miti tangu mama yake hajazaliwa, na miti ilizaa. Sasa sikiliza hili, na uwasomee watu wote. Akakubali. Alisema mti uliojeruhiwa unaweza kuogopa kufa ukatoa maua mengi, kwa hiyo hatukuwa waongo. Mimi na wewe tulikuwa na elimu kabla ya elimu. Ila alisema mti huo unazaa huku ugonjwa unautafuna, na sisi tulikwisha kunywa pombe na kuondoka, hatukurudi kuuona mwaka wa tano.

Nikasema basi ijaribiwe kwenye miti, si kwenye viazi. Na mkataji niwe mimi. Akasema sawa, na kama panga likishindwa? Wakati huo nilikuwa nimeshamsimulia habari yako, unajua mtu ukikaa naye shambani kutwa nzima unasema. Nilimsimulia kwa namna ambayo wewe ndiye mkosaji. Akasema, "Likishindwa, mzee wangu, utamwandikia mdogo wako. Si simu. Barua." Nikampa mkono haraka, kwa sababu nilijua siwezi kushindwa.

Tulipanga miche mistari mitatu. Wa kwanza niliukata kwa panga lililotoka kwenye tawi gonjwa. Wa pili niliukata kwa panga lilelile limeoshwa kwa spiriti na kupitishwa kwenye moto. Wa tatu haukuguswa. Yote inywe maji sawa na ipate jua sawa, na mtu asiongeze chochote.

Hapa nakuambia kitu ambacho hata Adela hajui. Mstari wa kwanza ulipoanza kusinyaa, nilianza kuupa samadi. Asubuhi kabla Daktari hajafika naleta kwenye ndoo, nafukia vizuri. Na maji kidogo ya ziada. Nilisema nausaidia tu, maana umeonewa. Nilifanya hivyo wiki sita. Siku moja Daktari akachuchumaa, akaufukua udongo kwa kijiti, kisha akasema, "Mzee Bukuru, mstari huu umekula zizi zima?"

Nilitegemea atanicheka, ningejua la kufanya. Hakucheka. Alivua miwani akaifuta, akasema kazi ya miezi miwili imekufa, na kwamba watu wenye miti wanaongoja jibu nao watangoja tena kwa sababu yangu. Akaanza kuing'oa miche yote, mmoja mmoja, na mimi nimesimama na ndoo. Butoyi, hakuna mtu aliyewahi kuniaibisha hivyo bila hata kunitukana. Nilikwenda nyumbani nikakaa siku mbili nikingoja aje kunibembeleza. Hakuja. Siku ya tatu nikaenda mwenyewe, nikamkuta anapanga miche mipya, nikaanza kumbebea. Baadaye akanipa chai. Ndivyo tulivyomalizana.

Safari ya pili sikuongeza hata tone. Nilikuwa nikipita pale mikono nimeifunga mgongoni. Na jibu likawa lilelile. Mstari wa kwanza ulikauka kuanzia pale nilipokata, ukashuka chini kama moto kwenye kamba. Nikaupasua mmoja mwenyewe, sikumruhusu mtu mwingine, nikaona ile kahawia ndani. Mstari wa pili vidonda vimefunga, miche inachipua. Wa tatu unapendeza. Daktari alikwenda ndani akatoka na daftari, akachana karatasi nne, akanipa na kalamu. Ndizo hizi.

Hiyo ilikuwa masika yanaisha. Umeona imenichukua muda gani kuandika. Lakini sikukaa bure. Sasa mimi ndiye ninayefundisha watu hapa jinsi ya kukata mti. Nina msumeno mdogo wa kukunja, nina chupa ya spiriti imening'inia shingoni, na kila tawi naosha kwanza. Wiki iliyopita waliniweka mbele ya watu wa vijiji viwili nikaongea saa nzima, na bwana shamba, mtu mwenye vyeti, aliandika nilichosema. Nilianza kwa kuwaambia ugonjwa huu niliugundua mimi. Daktari alikohoa. Nikasema, pamoja na Daktari. Ni kweli lakini, maana bila panga langu angepima nini?

Na nimerudi kwenye kila boma nilikokaripia mti. Kila mwenye mti nimemwambia kwa mdomo wangu. Wengine walicheka, mmoja alinifukuza, mwinjilisti aliniombea mpaka nikachoka kupiga magoti. Kazi yote hiyo ilikuwa rahisi kuliko karatasi hii.

Kwa hiyo sasa tumefika.

Chiza ameniambia unataka kuuangusha mparachichi wa mama ukisha kuvuna maharage. Amesema kilele kimekauka, na umeshaongea na mtu wa mkaa. Butoyi, mti ule mama aliutoa kwao Muyama ukiwa mbegu kwenye kanga, akaupanda mwaka uleule ambao sisi tulikuwa tumboni mwake. Wewe hukutaka uguswe. Ulisema mti huu wazaa unavyotaka, hauna deni na mtu. Ukaenda mnadani Kasulu kuuza mbuzi, na mimi nikauruka uzio na panga langu, nikaukata mara saba bila mdhamini, kwa sababu nilitaka uone ukizaa useme Bukuru alikuwa na haki. Panga hilo lilikuwa limetoka kwenye miti yako mitatu iliyokuwa inakauka. Siku mbili kabla. Sikulifuta hata kwa jani.

Nawe uliporudi uliniambia panga langu linaua miti. Uliyajua haya bila kisahani na bila viazi. Nami mbele ya watu nikasema ni mama Edisoni anayeiua, kwa kumwaga maji ya sabuni na kuanika nguo kwenye matawi. Ilikuwa uongo. Nilijua ni uongo nilipokuwa nausema, lakini watu walikuwa wameshakusanyika na sikuwa na kingine cha kusema. Shemeji aliacha kunipikia tangu siku ile na alikuwa na haki. Mwambie haya kwa sauti, Chiza akiwepo na majirani wakiwepo, kwa sababu na mimi niliyasema wakiwepo. Mwambie Bukuru amekosa. Panga ndilo lililofanya, na aliyelishika ni mimi.

Miaka yote ile uliposema mwache, mimi ni mdhamini wake, mimi nilidhani ni maneno ya kazi tu. Sikujua kwamba wewe ulikuwa unauombea kweli.

Sasa nakuomba usiuangushe. Mkaa wake hautakuwa mzuri hata hivyo. Nilimweleza Daktari makovu yalivyo na kilele kilivyo, akasema kama shina chini bado ni bichi, upo uwezekano. Hakuahidi, naye hana tabia ya kuahidi. Kwangua gome kidogo kwa ukucha, kama chini yake ni kijani, mti uko hai. Matawi makavu yakatwe sasa kiangazi, kabla mvua hazijaanza, maana kuvu inapenda maji yanayoruka. Yakatwe chini kabisa ya pale kahawia inapoishia, mpaka uone mti mweupe. Msumeno uoshwe kila tawi. Yaliyokatwa yachomwe siku hiyohiyo, yasilazwe chini ya mti wala kufanywa uzio. Na uupe maji na majani makavu shinani. Usianze peke yako kwa sababu ya kifua chako. Ningoje.

Nitakuja si wiki ijayo, ile inayofuata, kwa basi la asubuhi la Kasulu. Msumeno na spiriti nitakuja navyo. Atakayepanda na kukata ni wewe, Butoyi, ukijisikia una pumzi. Mimi nitashika ngazi. Ukisema kata hapa, ni hapo. Nitanyamaza, au nitajaribu.

Na kama umekwisha kuuangusha kabla barua haijafika, nitakuja vilevile. Tutachimbua kisiki tupande mwingine. Miche safi ipo huku, nimeikuza mimi, hakuna mtu Kibondo nzima mwenye miche kama ile.

Barua hii nimempa Sefu, yule mwenye duka la nyavu na majembe pale Kasulu, alikuja huku kununua maharage. Atakupa siku ya mnada. Ni mtu mwaminifu, ila atakuuliza ndani kuna nini. Mwambie ni habari za miti.

Nisalimie Chiza mdogo wetu, mwambie nyumba yangu aifungue madirisha ipate hewa. Nisalimie Edisoni mwanao na mke wake, na yule mjukuu ambaye wanasema ana masikio yangu, ambayo ni masikio yako pia lakini walisema yangu. Msalimie mjomba Nkaka huko Muyama ukimwona, mwambie mbegu ya dada yake bado tunaihangaikia. Msalimie katekista, na fundi wa baiskeli aliyetununulia pombe siku ile. Shemeji mama Edisoni sitamsalimia kwenye karatasi, nitamsalimia kwa mdomo, mlangoni kwake, nje, mpaka aniambie ingia.

Jambo la mwisho. Panga nimeliacha huku. Daktari aliniomba aliweke pale maabara ukutani, na nimemwambia aandike jina langu chini yake kwa herufi kubwa. Kwa hiyo nitashuka stendi kiunoni sina kitu. Najua watu wa kwetu. Watanisalimia Butoyi, karibu Butoyi, kifua kinaendeleaje Butoyi. Sitawasahihisha. Nitawaambia kinaendelea vizuri, na nitakuja hivyohivyo mpaka kwako.

Ni mimi ndugu yako, niliyetangulia,
Bukuru